Leo mwezi ngapi? Kushua boti Southend na kushua boti Tanga

Nilifika pwani ya Sahare, Tanga, saa tatu asubuhi na gari, trela, na boti ya futi 14 juu yake, nikijiona mtu. Mzee mmoja alikuwa amechutama chini ya mashua anatia kalafati, anaziba nyufa za mbao. Nikamwamkia, akaitikia bila kuacha kazi, kisha akainua macho akaliangalia lile trela kutoka mbele hadi nyuma.

"Leo mwezi ngapi, mwanangu?"

"Tarehe kumi na mbili, mzee."

"Huo wa ukutani. Nakuuliza wa juu."

Sikuujua. Miaka kumi na minne ya Essex, Uingereza, imenizoesha kufungua simu na kutazama jedwali la maji, lakini mwezi wa juu niliuacha Tanga pamoja na viatu vya shule. Akanihesabia yeye: kumi na sita, bamvua lenyewe, siku za maji kujaa sana na kupwa sana. Maji yanatoka mbio, na ikifika saa nne na nusu bahari nitaifuata kwa baiskeli. "Nenda kanywe chai," akasema. "Uje saa tisa."

Sikwenda. Nitafika huko.

Ninakoishi, karibu na Southend, mwenye boti ndogo hategemei pwani, anategemea slipwei. Ni mteremko wa zege unaoanzia barabarani ukazama baharini. Unarudisha gari kinyumenyume, trela linaingia majini, boti inaelea, unaondoka na gari. Huko ndiko kushua. Majira ya joto yakifika, watu wa boti hawana mazungumzo mengine: mteremko upi, saa ngapi, bei gani, pa kuegesha papo au hapana. Wanabishana kama sisi tunavyobishana Coastal Union na African Sports.

Na wana sababu. Bahari ya pale inakimbia. Maji yakipwa yanarudi nyuma zaidi ya kilomita moja na kuacha tope tupu. Gati lao la matembezi lina urefu unaopita kilomita 2, na juu yake kuna treni, kwa sababu bila urefu huo meli za abiria za zamani zisingeweza kulifikia. Mtu wa Bagamoyo atalielewa hili upesi kuliko mtu wa bara. Bagamoyo nako maji ni mafupi, majahazi yanakaa mchangani maji yakitoka, mizigo inashuka mabegani mwa watu, na Wajerumani walipotaka bandari ya meli kubwa wakahamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891. Southend hawakuhama, walirefusha gati.

Mwaka wangu wa pili na boti nilishua saa moja baada ya maji kujaa, nikasema nitazunguka kidogo nirudi. Maji hayashuki sawasawa, na hilo nilikuwa nimelisoma bila kuliamini. Ukiugawa mshuko wote mafungu kumi na mawili, saa ya kwanza linatoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Saa ya kwanza inakudanganya kwamba bahari haina haraka. Saa ya tatu na ya nne peke yake zinaondoka na nusu ya maji yote, na bamvua la Southend linapita mita 5, kwa hiyo hesabu mwenyewe: mita mbili u nusu chini ya miguu yako wakati unakunja kamba ya mshipi. Nikapwelewa, maji yakaniacha na boti juu ya tope. Kama hatua mia mbili kutoka mteremko, gari langu naliona, na katikati yetu tope la kumeza mtu hadi mapajani. Waokoaji wa RNLI, wale wa kujitolea wanaoishi kwa michango, pale Southend wana hovakrafti, chombo kinachoteleza juu ya hewa, kwa ajili ya tope hilo hilo. Sikuwapigia, niliona aibu. Nilikaa ndani ya boti mpaka usiku, nina pakiti moja ya viazi vya kukaanga, na pembeni kuna ndege wanadonoa tope kama wananicheka.

Tangu siku hiyo sichagui mteremko kwa ukaribu wa nyumbani. Naenda kwanza bila boti, maji yakiwa yametoka kabisa, nitembee hadi zege linapoishia. Kichwa cha mteremko kila mtu anakiona. Mkia ndio wenye siri. Watu wanaoipandisha boti kwenye trela kwa nguvu ya mashine wanachimba shimo pale mwisho kwa maji yanayorushwa na panga la mashine, na gurudumu la trela likishuka humo halitoki kwa kubembelezwa. Mwinuko nao una kiasi chake. Kila mita 7 au 8 za kwenda mbele ushuke mita 1, hapo sawa. Ukilala zaidi ya hapo, itabidi uingize gari baharini hadi milangoni ndipo boti ielee. Ukisimama sana, gari haliwezi kulipandisha trela lililolowa. Halafu kuna ule ukanda wa kijani kati ya maji makubwa na maji madogo. Mwani wa pale ni sabuni. Nimeona gari zuri limeshuka taratibu, breki zimekanyagwa, dereva ameshika usukani kama anaswali.

Mengine nayapitia haraka kwa anayefikiria kununua trela. Ukifika, subiri kidogo kabla ya kulizamisha, kwa sababu habu za magurudumu zinakuwa moto kwa mwendo, na zikiingia maji baridi zinavuta chumvi ndani, beringi zinakufa. Chomoa waya wa taa. Hakikisha kizibo cha boti kimefungwa (usicheke, wewe ngoja). Kamba ya winchi, ile inayoishikilia boti kwenye trela, iwe ya mwisho kufunguliwa. Ukirudi, osha kila kitu kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Uingereza, kwa boti yangu ndogo ya kujifurahisha baharini, sijawahi kuombwa karatasi ya boti. Hakuna sheria inayonilazimisha kuisajili wala kuwa na leseni ya kuiendesha. Ila mteremko! Risiti ya mteremko inabandikwa kiooni, bango limeandikwa nani mwenye mteremko, unatumika saa ngapi kabla na baada ya maji kujaa, simu ya kupiga, faini. Tanga ni kinyume chake. Chombo kinataka usajili na ukaguzi, kuna TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, kuna majaketi ya kuokolea ya kuhesabiwa, na sina ugomvi na hilo, watu wamezama vya kutosha kwenye bahari yetu. Lakini uliza: nikishakuwa na karatasi zote, nishulie wapi? Utajibiwa, "Popote."

Popote ndiyo nilikwenda kuitafuta. Siku tatu kabla ya Sahare nilizunguka na gari tupu. Upande wa Raskazone kuna mahali pazuri pa kushulia, lakini unapita kwenye uwanja wa klabu ya watu: uwe mwanachama, au mgeni wa mwanachama, au uwe na uso wa kufunguliwa geti. Deep Sea ni diko la samaki, lina shughuli zake tangu alfajiri, na mtu wa kujifurahisha kuziba njia ya ndoo za samaki na trela ni utovu wa adabu. Pangani nilikoenda kumsalimu shangazi niliutamani ule mteremko wa kivuko, zege safi kabisa, lakini kivuko ni kivuko. Huwezi kusimamisha watu wa Bweni, ng'ambo ya mto, kwa ajili ya boti yako. Na kile kijinjia nilichopita utotoni kwenda kuogelea, kati ya viwanja viwili, sasa kina ukuta na mlinzi aliyeniuliza natafuta nini. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mlinzi hakuwa na habari nayo, na mimi sikuwa na utepe wa kupimia.

Basi nikaishia Sahare, na sasa nieleze kwa nini sikwenda kunywa chai. Niliona aibu tena. Nimetoka Ulaya na gari na trela, nitaambiwa na mzee wa kalafati nirudi? Mchanga ulikuwa umelowa, unang'aa, unaonekana mgumu. Nikarudisha gari. Magurudumu ya trela yalizama kwanza, ya gari yakafuata, na kila nilipokanyaga mafuta nilijichimbia kaburi. Bamvua linakauka saa nne hadi saa tano asubuhi, linajaa saa kumi jioni. Mwanafunzi yeyote wa Tanga anajua hesabu hiyo: saa kumi maji yangekuwa juu ya boneti.

Sikumwita mtu. Walikuja wenyewe, kama kumi na wawili, na mbao mbili na kamba ya nanga. Hawakuhangaika na gari kwanza. Wakafungua mikanda, wakaitoa mashine, mmoja akaimba, wengine wakaitikia, boti ikanyanyuka kwenye trela kama kitanda cha harusi wakaiweka mchangani mbele zaidi, nanga wakaichimbia. Kisha wakalitoa trela, kisha gari. Yule mzee hakusogea pale alipo. Nilipouliza niwape nini, kila mmoja akatazama baharini. Nikatoa ya chai, ikapokelewa, hakuna aliyehesabu mbele yangu.

Saa tisa na robo maji yakaifikia boti. Ikatikisika, ikainuka upande mmoja, ikaelea. Miaka kumi na minne nimekuwa nikiipeleka boti baharini, na hapa nimekaa kwenye gogo nakula muhogo, bahari inakuja kuichukua.

Ningeweza kuishia hapo na wenzangu wa ughaibuni wakafuta machozi. Lakini vijana kumi na wawili si miundombinu. Mama wa Mkinga anayetaka kuendesha boti yake mwenyewe ya watalii, au kijana aliyenunua boti ya faiba kwa mkopo na anarudi saa nane usiku, atawapata wapi? Na tatizo kubwa ni hili: pwani yetu kila mtu anaweza kushua, ila hakuna mwenye haki ya kushua. Leo unaruhusiwa kwa sababu unajuana na watu. Kesho mahali hapo hapo panaitwa bandari bubu, linakuja gari la askari kutafuta sukari na mafuta ya magendo, na wewe na ndoano zako mnajieleza. Siwalaumu wanaotafuta magendo. Nasema mahali penye bango na jina ni vigumu kupaita bubu.

Kwa hiyo nikiulizwa, sitaki marina, bandari ya kifahari ya boti. Nataka mteremko mmoja wa zege wa halmashauri, ndani ya ghuba, mahali ambapo upepo wa kusi haupigi moja kwa moja na mikoko haikatwi. Uwe mpana wa gari mbili kupishana, uwe na bomba la maji yasiyo na chumvi, na bango linalosema wazi unafaa saa ngapi kabla na baada ya maji kujaa, na ada yake. Wavuvi wangeutumia kwa haki kuliko mimi, maana sasa hivi mwenye mashua anayetaka kuikwangua tumbo na kuitia rangi anangoja bamvua na magogo. Ndugu yangu ananiambia mwaka wa pili utakuwa mwani mtupu, hakuna wa kuusugua. Ana haki. Na wa Southend usiposuguliwa unakuwa hivyo hivyo. Ndiyo kazi ya ile ada.

Nilimpelekea mzee wazo hilo siku ya kuaga. Alifikiri sana, nyundo mkononi.

"Mkijenga, jengeni refu," akasema. "Fupi tutaanikia dagaa."

Boti nimeiacha Sahare, imetia nanga, mpwa wangu anaiangalia na kunitumia picha kila Ijumaa, na amenunua boya la pili bila kuniuliza. Trela halina kazi. Liko uani kwa dada yangu Chumbageni. Fundi mmoja alikuja kulitaka ekseli kwa ajili ya mkokoteni, dada akamkatalia, nikadhani analinda mali yangu. Juzi akanitumia ujumbe: kuku wawili wanataga humo, kama nalihitaji niseme mapema awatafutie pengine.