Si Kila Kimondo cha Kaboni Kinafaa Msumeno

Allende kikatwe. Ivuna kisiguswe. Vyote viwili ni vimondo vya kaboni, yaani mawe yenye kaboni yaliyoanguka kutoka angani. Najua wakusanyaji wenzangu wengi hawatakubali, ila huo ndio msimamo wangu.

Tunapenda vipande vyembamba kwa sababu ya msingi. Allende kilianguka kaskazini mwa Meksiko tarehe 8 Februari 1969, na kwa nje ni jiwe tu lenye ganda jeusi lililoungua. Lipasue, upige msasa, ndipo zitajitokeza kondrula, vile vitone vya mviringo vilivyojazana kwenye kijivu kilichokoza, na kati yake madoa meupe yasiyo na umbo maalumu. Madoa hayo yana kalisi na alumini nyingi, na umri wake ni takriban miaka bilioni 4.567. Hakuna yabisi ya mfumo wetu wa jua iliyopimwa ikaonekana kongwe kuliko hiyo. Chini ya lenzi, mengine yana ukanda mwembamba sana unaozunguka kingo zake, na naweza kuutazama hadi macho yachoke. Bila msumeno tusingeyaona. Tena Allende kipo kwa wingi. Ziliokotwa zaidi ya tani mbili.

Ivuna ni habari nyingine kabisa. Kilianguka Tanzania Desemba 1938, kikaokotwa kiasi cha gramu 700 tu, na kundi zima la vimondo vinavyofanana nacho, liitwalo CI, limebeba herufi yake ya kwanza, I. Vimondo vya kundi hili havina kondrula za kutazama, kwa kuwa zamani sana maji yalipenya mwamba vilikotoka yakageuza karibu kila kitu kuwa madini ya udongo. Ukikata unaambulia uso mweusi mtupu, na unga wa thamani umeshapotea. Unga huo, ukiacha gesi nyepesi, una mchanganyiko wa elementi unaokaribiana mno na wa jua lenyewe! Hata punje za asteroidi Ryugu zilizoletwa na chombo cha anga cha Japani, Hayabusa2, mwaka 2020 zilifanana na kundi hili.

Ni vimondo dhaifu pia. Orgueil, ndugu yake Ivuna kilichoanguka Ufaransa mwaka 1864, humeguka kikitiwa majini. Mishipa myeupe ya salfeti iliyomo ndani yake imeelezwa kuwa ni kazi ya unyevu wa hewa ya Dunia, kikiwa kimehifadhiwa. Kipande cha namna hiyo kikae kama kilivyo, ndani ya chupa iliyozibwa vizuri.

Murchison cha Australia kiko katikati. Kina kondrula, kwa hiyo kukikata kuna maana, lakini pia kimekutwa na aina zaidi ya 70 za asidi za amino, molekuli za kaboni za jamii inayojenga protini. Mafuta ya kupozea msumeno, au vanishi ya kung'arisha uso, huingiza kaboni ya hapa duniani na kuharibu ushahidi huo. Kikatwe kikavu, polepole, kwa waya mwembamba wa almasi. Na kila anayekata akusanye unga wote, aupime, auweke kwenye kichupa chenye jina la kimondo, na mnunuzi aambiwe umebaki gramu ngapi.