Tuliielewa, ila iliuma
Kuna mwandishi anayedai kwamba mashabiki walioikataa Kid A, albamu ya bendi ya roki ya Uingereza, Radiohead, ilipotoka Oktoba 2000 hawakuielewa, dai ninalolipinga kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Tulielewa vyema kwamba bendi yenye wapiga gitaa watatu ilikuwa imeyaweka magitaa kando kwa sehemu kubwa, ikashika sintesaiza (kinanda cha kielektroniki kinachotengeneza sauti), na kwamba katika wimbo unaobeba jina la albamu sauti ya mwimbaji wao Thom Yorke imepindwa kwa mitambo hata maneno yake hayashikiki kwa urahisi. Kilichotuuma ni kuachwa bila kuagwa, tena bila hata singo moja, yaani wimbo unaotolewa peke yake, ya kututayarisha. Mimi ilinichukua miezi kuipenda, na sasa naipenda mno. Je, kuna aliyeipenda tangu alipoisikiliza mara ya kwanza, na ni wimbo gani uliomfungulia mlango?