Namba Moja kwa Siku Saba

Kuna ujumbe unazunguka kwenye WhatsApp za wafanyabiashara: "Tunakuweka namba moja Google ndani ya siku saba, laki mbili tu, tanguliza nusu." Sasa naomba niulize kwa adabu zote, tena nimechomekea: wauza mapazia wa Dar es Salaam nzima wakitanguliza hiyo nusu, namba moja wataikalia kwa zamu? Google wenyewe wameandika kwenye miongozo yao kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Lakini miongozo asome nani, na bando lenyewe ndiyo hilo.

Juzi mwenye ujumbe akaja kwa miguu, Sinza, dukani kwa mama mmoja wa mapazia. Shati jeupe, kompyuta kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Unataka ya sebuleni au ya chumbani?"

"Mama, nimekuletea ukuaji wa kidijitali."

"Uweke hapo kwenye benchi."

Kijana akaandika "mapazia Sinza" kwenye simu, akamwonyesha mama kwamba yeye na tovuti yake hawapo. Kweli, hakuwepo. Kisha akaandika jina la mteja wake mmoja wa magodoro, jina zima na la ukoo, tovuti ikatokea juu kabisa. "Namba moja, mama!"

"Mtu ukimwita kwa jina lake si lazima aitike?" mama akasema. "Andika godoro la futi tano kwa sita tuone."

Kijana akakohoa. Akasema algorithimu, yaani hesabu ya Google ya kupanga majibu, ilikuwa inabadilika saa hiyo hiyo.

Mama kagusa penyewe. Anayejua jina la duka lako tayari ni mteja wako. Unayemtafuta ni yule anayeandika shida yake: kitu gani, wapi, bei gani. Kisha simu ya huyo kijana imesimama Sinza, na Google huangalia mtu yuko wapi kabla ya kumpangia majibu, kwa hiyo anachokiona yeye hapo huenda siyo anachokiona mtu wa Mbagala.

Tukaja kwenye kifurushi. Viungo 5,000, yaani maandishi ya kubofya yanayokupeleka tovuti nyingine, kutoka tovuti 5,000, vyote vinaelekea kwa mama.

"Hizo tovuti zinauza nini?"

"Mchanganyiko, mama. Kasino za nje, dawa za kupunguza tumbo..."

"Na watu wa kasino wameyapenda mapazia yangu?"

Jamani! Larry Page na Sergey Brin mwaka 1998, wakiwa bado wanafunzi Stanford, walichapisha hesabu kwamba tovuti nyingine ikikuelekezea watu, hiyo ni kama kura, na kura ya mwenye heshima ina uzito zaidi. Basi watu wakaanza kununua kura. Aprili 2012 Google wakaachia sasisho la Penguin, walionunua wakaporomoka. Siku hizi viungo vya namna hiyo mara nyingi havihesabiwi kabisa, na ukizidisha unaweza kuadhibiwa. Kiungo kimoja kutoka kwa fundi wa samani ambaye wateja wake kweli wanahitaji mapazia kina maana kuliko hao kasino wote. Hicho hakiuzwi kwenye benchi.

Wakati wanavutana kuhusu nusu, binti wa cherehani, ambaye hakuna aliyemuuliza, akaandika kwenye Google neno site, nukta mbili, na anwani ya tovuti ya mama bila kuacha nafasi, ili Google ionyeshe kurasa zake inazozijua. Jibu: hakuna hata ukurasa mmoja. Yaani siyo kwamba mama alikuwa ukurasa wa tisa. Hakuwemo kwenye daftari! Binti akaingia WordPress, mtambo uliojengea tovuti, kwenye mipangilio ya usomaji, akakuta kile kisanduku cha kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti kimewekewa tiki. Aliyejenga aliiweka tiki ili kazi isionekane kabla haijaisha, akalipwa, akasahau. Binti akaitoa tiki, akahifadhi, akafungua Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, ambacho ni bure, akathibitisha umiliki, akatuma ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake, akaomba ukurasa wa mbele ukaguliwe upya. Hapo inaweza kuchukua siku, inaweza kuchukua wiki.

"Hiyo nayo imo kwenye kifurushi chetu," kijana akasema.

Mnaona lakini? Laki mbili, na dawa ilikuwa tiki!

Halafu na nyie wenye tovuti hamna nafuu. Kichwa cha ukurasa, ile mistari ya buluu ambayo mtu anaibofya kwenye majibu, kimeandikwa "Nyumbani". Nyumbani kwa nani? Andika "Mapazia ya sebuleni na kushonewa, Sinza". Ukishuka chini: "Sisi ni kampuni inayoongoza", dira, dhima, maadili ya msingi saba. Bei? "Njoo inbox." Google haiji inbox! Mtu akitafuta bei ya pazia kwa mita, itampeleka kwa aliyeiandika. Na yale maneno muhimu mnayoyajaza kwenye kile kitagi cha siri ndani ya msimbo wa ukurasa, ambacho msomaji hakioni, Google walishatangaza mwaka 2009 kwamba hawayatumii kupanga nafasi. Kuyaandika kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe ndiyo kabisa, hilo ni kosa.

Picha nazo. Imetoka kwenye kamera na MB zake sita, ikapandishwa hivyo hivyo. Kipimo cha Google ni kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5; hiyo ya kwako, mteja anaisubiri mpaka bando linakata. Ipunguze iwe na upana wa pikseli 1,200, ihifadhi kama WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, mara nyingi itashuka chini ya KB 200.

Kwenye ramani za Google ndiyo usiseme. Wasifu wa biashara ni bure, Google huangalia unauza nini, uko umbali gani na unajulikana kiasi gani, lakini mtu kaweka alama ya duka katikati ya barabara ya Shekilango. Wapwa wake wanane wamelimwagia duka nyota tano usiku mmoja. Maoni ya namna hiyo yanaweza kufutwa. Na kuna mteja mmoja wa kweli kabisa kaandika: "Sijawahi kufika ila panaonekana pazuri." Nyota tatu! Hizo mbili kazinyima kwa kosa gani?

Na hao wapwa, kwani anwani ya .co.tz si hulipiwa kila mwaka? Imesajiliwa kwa barua pepe ya yule mpwa mkubwa, nywila anayo yeye, na yeye yuko Dodoma. Ujumbe umefika, tiki mbili za buluu, kimya. Status anaweka lakini. Jana kaweka nyama choma.