Ulikisoma Mwenyewe? Mvutano Kuhusu Vyanzo Visivyoingia Kwenye Kanuni

Mwanafunzi anayeandika tasnifu hakwami kwenye kitabu chenye mwandishi, mwaka na mchapishaji. Hukwama kwenye ukurasa wa intaneti usio na tarehe, ripoti isiyo na jina la mtu, maneno ya mzee aliyezungumza naye, au hoja ya mtafiti mmoja aliyoikuta ndani ya kitabu cha mtafiti mwingine. Hapo wasimamizi wenyewe hugawanyika. Wapo wanaoagiza kwamba chanzo kisichokidhi kanuni za kuandika marejeo kiachwe. Wapo wanaotaka kila kilichotumika kitajwe, hata kama rejea yenyewe haitapendeza machoni. Mimi nawaunga mkono zaidi hawa wa pili, lakini wale wa kwanza wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa.

Uzito wa hoja yao unaonekana hasa kwenye nukuu ya mkono wa pili, yaani maneno ya mtu uliyoyakuta kwa mwandishi mwingine. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba sifa ya spinachi kuwa na madini mengi ya chuma ilitokana na wanasayansi wa kale kukosea kuweka nukta ya desimali, kiwango kikaongezeka mara kumi. Mwaka 1981 daktari Terence Hamblin aliisimulia hadithi hiyo katika British Medical Journal bila kutaja chanzo chake. Waliomfuata walimrejelea yeye, kisha wakarejeleana wao kwa wao, na wengi walikuwa wakiitumia kama mfano wa hatari ya kutohakiki mambo. Mtafiti Mike Sutton alipoifuatilia mwaka 2010 hakupata ushahidi wowote wa nukta hiyo, na mwaka 2014 mtafiti mwingine, Ole Bjørn Rekdal, akaonyesha hatua kwa hatua jinsi wasomi walivyopokezana habari ambayo hawakuifikia mzizi wake. Mwaka 2003 watafiti Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury walichunguza makosa ya uchapaji yanayojirudia katika orodha za marejeo, kwa mfano namba ileile ya ukurasa isiyo sahihi ikitokea katika makala nyingi. Walikadiria kwamba ni kama asilimia 20 tu ya wanaorejelea makala ndio huwa wameisoma. Unaweza kubishana na hesabu yao, lakini dalili waliyoiona ni ngumu kuieleza vinginevyo: anayekosea namba ileile aliyoikosea mwenzake kwa kawaida ameichukua kwa mwenzake.

Kwa hiyo msimamizi anayesema "katafute chanzo asilia" hasumbui watu bure. Tatizo ni kwamba agizo hilo halina huruma kwa asiyeweza kukipata. Kitabu kimeacha kuchapishwa. Jarida linalipiwa na maktaba haijajiunga nalo. Makala imeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Ukimkataza mtu huyo nukuu ya mkono wa pili bila kumwachia njia nyingine, unamsukuma kwenye uongo mdogo ambao hakuna atakayeugundua: ataandika jina la mwandishi asilia na mwaka wake, kana kwamba alikuwa na kitabu hicho mezani. Mtindo wa marejeo wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, umeweka utaratibu mzuri hapa. Ndani ya matini unamtaja mwandishi asilia kisha unaeleza kwamba amenukuliwa na fulani, na kwenye orodha ya marejeo unaweka kile kitabu ulichokisoma tu. Msomaji anajua ulisimama wapi.

Ningeongeza sharti moja. Hoja ya pembeni inaweza kubaki hivyo, lakini hoja inayobeba sura nzima ya tasnifu haiwezi kutegemea masimulizi ya mtu wa kati. Hiyo inastahili gharama ya kukitafuta chanzo chenyewe, au hoja ipunguzwe ukubwa.

Kwa vyanzo vya mdomo mambo yanageuka. APA huweka mazungumzo binafsi ndani ya matini peke yake, yasiingie kwenye orodha ya marejeo, kwa sababu msomaji hawezi kwenda kuyatazama. Sababu hiyo ina mantiki. Lakini matokeo yake ni kwamba mzee aliyetunza historia ya jamii yake kwa miaka yote ya uhai wake anapewa hadhi sawa na baruapepe ya rafiki, na orodha inaishia kuwataja walioandika tu. Ninaiona kuwa dhuluma halisi. Toleo la 7 la APA, la mwaka 2019, lilianza kuyapa maarifa ya jadi ya jamii za asili maelekezo yake ya pekee, na mwaka 2021 Lorisia MacLeod, mkutubi nchini Kanada, alichapisha violezo vinavyomweka mzee kwenye orodha kwa jina, taifa lake na mada aliyofundisha. Hata hivyo tusichanganye watu wawili tofauti. Mshiriki wa utafiti wako aliyeahidiwa usiri hatajwi jina popote. Maneno yake ni data. Mtunza maarifa anayetaka kutambuliwa ndiye anayepaswa kutajwa.

Kurasa za intaneti hazihitaji mjadala mrefu. Kama tarehe haipo, sema haipo. Mwaka wa hakimiliki ulio chini kabisa ya tovuti si tarehe ya makala. Hifadhi nakala kwenye kumbukumbu ya mtandaoni, maana viungo hufa: uchunguzi wa Jonathan Zittrain na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta zaidi ya asilimia 70 ya viungo katika Harvard Law Review na majarida mengine ya sheria ya Harvard havileti tena kilichorejelewa. Na makala iliyofutwa na jarida lake, kama ile ya Andrew Wakefield ya 1998 kuhusu chanjo iliyofutwa na jarida la tiba The Lancet mwaka 2010, inaweza kurejelewa, ila lazima useme imefutwa.

Sasa akili mnemba imeingia, na mitindo haikubaliani. APA humweka mtengenezaji wa programu kwenye nafasi ya mwandishi. MLA, mtindo unaotumika sana katika masomo ya lugha na fasihi, inakataa kuihesabu programu kuwa mwandishi. Mimi naogopa zaidi rejea ambazo programu hizo hubuni, zenye majina, mwaka na jarida, huku makala yenyewe haipo. Watetezi wa kanuni hawana kinga hapa, kwa kuwa rejea ya kubuni hutimiza kanuni zote. Hata kabla ya programu hizi, mwaka 2017 mtafiti Anne-Wil Harzing alieleza kisa cha makala iliyobuniwa kama mfano tu katika mwongozo wa waandishi wa Elsevier, kampuni inayochapisha majarida ya kitaaluma, lakini ikawa imerejelewa karibu mara 400.

Ndiyo maana ningependa mtahini aache kutoza alama kwa mkato uliokosekana, achague rejea tatu katika tasnifu, kisha amwombe mwanafunzi afungue ukurasa alioutumia.