Kenya, Uganda, Tanzania: uhuru wa msomi uko kwenye katiba au kwenye kibali?

Ukibishana na Mkenya kuhusu uhuru wa kuongea hazipiti dakika tano ashakutolea katiba. Na ana haki ya kuringa, maana katiba yao ya 2010 ibara ya 33 imetaja kabisa uhuru wa kitaaluma na wa utafiti wa kisayansi. Waganda nao wanayo ibara ya 29 ya katiba ya 1995, sisi Tanzania ibara ya 18 inakupa uhuru wa maoni na kueleza fikra halafu basi, mhadhiri na muuza mitumba wote mlango mmoja. Inachekesha kidogo, kwasababu Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma, 1990, waliandika wahadhiri wetu wenyewe, miezi kadhaa kabla ya lile la Kampala.

Sasa kifungu kinasaidia nini? Chukua Stella Nyanzi, mtafiti wa Makerere, 2017 alikamatwa baada ya kumfananisha Museveni na makalio huko Facebook, 2019 akala miezi 18 kwa shairi kuhusu rais na marehemu mama yake. Ibara ya 29 ipo tu inaangalia. Kuna watakaosema yale yalikuwa matusi, siyo taaluma, na mimi lile shairi nilikunja uso nikilisoma, ila kumfunga mtu kwa vile mkubwa kaudhika ni kitu kingine kabisa. Februari 2020 Mahakama Kuu ikamwachia, na Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kifungu cha 25 cha sheria yao ya mitandao, kile cha mawasiliano ya kuudhi. Alishakaa gerezani zaidi ya mwaka lakini.

Kenya ndo hivyohivyo ila kwa kelele zaidi. 2016 mahakama ilifuta kosa la kutumia vibaya mtandao, 2017 ikafuta jinai ya kumchafulia mtu jina, tukashangilia hadi huku. Halafu Aprili 2025 wanafunzi wa sekondari ya wasichana ya Butere wanaenda Nakuru kuigiza mchezo wao unaoikosoa serikali, Mahakama Kuu ishaamuru waruhusiwe, wanakutana na mabomu ya machozi. Miezi miwili baadaye mwalimu Albert Ojwang anakamatwa kwa posti kuhusu bosi wa polisi na anafia mikononi mwa polisi Nairobi. Kwahiyo yule Mkenya wa dakika tano akinyamaza hapa namwelewa.

Kwetu mara nyingi haifiki huko, inakuja barua. Mwaka 2018 Twaweza, shirika linalofanya kura za maoni, walitoa matokeo kwamba wanaomkubali Rais Magufuli wameshuka kutoka 96% mwaka 2016 hadi 55%, COSTECH, tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti, wakawaandikia wajieleze ndani ya siku 7, kibali kiko wapi. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ikabadilishwa, ukitoa namba zinazopingana na za serikali ni kosa la jinai. Ikalegezwa 2019, na hapa ndo pananiuma, siyo kwamba jaji wetu aliifuta, ni baada ya Benki ya Dunia kulalamika hadharani. Jirani raia wa kawaida anaenda mahakamani na ibara yake mkononi, sisi tunasubiri anayetukopesha akasirike. Ndio maana pamoja na mabomu ya Nakuru na yote bado nakitaka kile kifungu cha uhuru wa kitaaluma kwenye katiba yetu, hakizuii virungu, najua, ila kinakupa cha kushika ukifika kwa jaji.

Wapo wanaotetea kibali na hawajakosea kabisa. Watu wa nje walishazoea kuja kuchukua damu na data za vijijini wanaondoka, wanakijiji hawasikii tena habari zao, bila kibali nani atawauliza? Hapo sina ubishi. Kibali cha kuingia kijijini kukusanya, sawa, kuna watu wa kulindwa. Ila yale mabadiliko ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalidai ruhusa hata kabla ya kuchapisha, yaani data ushakusanya, hesabu ushapiga, halafu ndo unapeleka ofisi ya takwimu wakusomee kwanza. Hapo sijui analindwa mwanakijiji gani.