Tazama nakshi kabla ya jina

Magobori marefu ya Pennsylvania, Marekani, kazi ya mafundi ambao wengi wao walikuwa na asili ya Ujerumani, siku hizi yanauzwa kwa jina. Likionekana jina la fundi Jacob Dickert wa Lancaster juu ya mtutu, bei inapanda na maswali yanapungua. Sikubaliani na utaratibu huo hata kidogo. Mtutu ulichakaa, ukatobolewa upya, na pengine ukahamishiwa mbao nyingine. Mtambo wa kufyatulia nao mara nyingi ulinunuliwa tayari kutoka Uingereza au Ujerumani. Mkono wa fundi mwenyewe uko kwenye mbao.

Kwa hiyo ligeuze gobori upande wa kushoto, uangalie nyuma ya sehemu ya kuegemezea shavu. Hapo ndipo walipochonga majani na mapindo ya mtindo wa rokoko, yaani mapambo ya kujikunja ya karne ya 18. Nakshi nzuri ya aina hii haikubandikwa. Fundi alipokuwa akitengeneza kitako aliacha unene kidogo mahali pale, kisha akashusha uwanja unaoizunguka kwa patasi. Mwinuko wenyewe ni mdogo sana, kwa hiyo weka taa ubavuni, siyo juu. Utaona alama za patasi uwanjani, na pindo linaloanza nene likaishia jembamba bila kukatika. Mwigaji hunaswa kwenye kona: pindo lake linasita, halafu linaanza upya. Na kumbuka mbao yenyewe ni ya mti wa mepo (maple) wenye mawimbi, ambayo nyuzi zake hupanda na kushuka. Patasi butu inang'oa vibanzi papo hapo. Kuchora pindo safi juu ya mbao hiyo ni ufundi wa kuheshimiwa.

Christian Oerter, fundi wa kanisa la Wamoravia katika kijiji cha Christian's Spring, Pennsylvania, aliacha bunduki chache zenye jina na mwaka, zikiwemo za 1774 na 1775. Hizo ni hazina, kwa sababu zinatupa nakshi ya kulinganishia zile zisizo na jina, nazo ni nyingi.

Gumegume, yaani gobori linalowashwa kwa cheche za jiwe, lililogeuzwa karne ya 19 liwashwe kwa fataki, kile kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa, halinisumbui. Mwenye gobori alitaka liendelee kufanya kazi. Kinachoniuma ni msasa. Muuzaji anasugua kitako kipendeze, na ndani ya saa moja alama za patasi zilizodumu miaka 200 zimeisha. Ukikuta kingo za majani zimelainika na uwanja umekuwa laini kama kioo, bei ishuke, hata kama jina lililo juu ya mtutu ni la kweli.