Mtoto Atazame Mpira, Lakini Nani Amekaa Naye?

Wazazi wengi wa Tanzania humkataza mtoto mdogo kutazama filamu za mapigano na humchagulia katuni kwa uangalifu, lakini siku Simba na Yanga zinapokutana hawaoni shida kumwacha mtoto huyo huyo wa miaka minne mbele ya runinga mpaka kipenga cha mwisho. Mimi simo miongoni mwa wanaotaka mtoto afukuzwe sebuleni. Michezo ni katika vitu vyema ambavyo runinga inaweza kumwonyesha, ila kwa sharti moja nisiloliona likizingatiwa: awepo mtu mzima aliyekaa naye, anayemjibu maswali na anayechunga ulimi wake.

Mtoto wa umri huo haoni mechi kama tunavyoiona sisi. Bao likirudiwa mara tatu, kwake yameingia mabao mengine matatu, naye hushangaa kwa nini wakubwa wanasema ni moja. Mchezaji akijigaragaza huku ameshika goti, mtoto humwonea huruma, kisha nusu dakika baadaye humwona akitimua mbio na kuuliza, "Kwani amepona?" Swali hilo linastahili jibu la kweli, kwamba yule bwana alitaka kumdanganya mwamuzi ili apewe faulo, na mazungumzo yanayofuata huwa na faida kuliko mechi yenyewe. Wakati mwingine jambo huwa zito zaidi. Tarehe 12 Juni 2021, moyo wa Christian Eriksen wa Denmark ulisimama ghafla akiwa uwanjani jijini Copenhagen, katika mechi dhidi ya Finland iliyokuwa ikirushwa moja kwa moja, na wenzake wakamzunguka kumsitiri. Mtoto aliyeyaona hayo peke yake hakuwa na wa kumwambia kwamba mtu yule alinusurika na kwamba mwaka uliofuata alirudi kucheza.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi kiko kwenye makochi yetu. Watani wa jadi wakicheza, kipindi cha kwanza hakiishi kabla mtoto hajasikia kwamba refa amekula hela na kwamba wale wa upande wa pili ni Utopolo au Makolo, majina ya kejeli ya Yanga na Simba, na kesho yake utamsikia akimwita hivyo mtoto wa jirani. Utani huu naupenda, tena sana, lakini mtani ni mtu anayejua mahali pa kukomea, na mtoto wa miaka minne hajapajua. Avae jezi, aruke, ashangilie atakavyo. Hayo ya refa tuyaseme akishalala.

Kisha yanakuja mapumziko, ambapo kwa dakika 15 runinga humilikiwa na matangazo, na sehemu kubwa ya matangazo hayo ni ya kubeti: kijana anacheka na simu yake, pesa zinamwagika, muziki unapigwa. Sheria yetu inamzuia aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini wimbo wa tangazo mtoto anauimba kabla hajajua kusoma. Huko Uingereza, klabu za Ligi Kuu zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa majina ya kampuni za kamari kwenye vifua vya jezi kuanzia msimu wa 2026/27, ingawa mikono ya jezi haikuguswa. Mzazi hana haja ya kusubiri makubaliano ya namna hiyo, kwa kuwa rimoti iko mkononi mwake.

Kuzima wakati wa mapumziko kunalingana pia na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, unaotaka mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Kipindi kimoja pamoja na dakika za nyongeza kinaenea humo. Mechi nzima haienei. Mechi za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, ambazo nyingi huanza saa nne au saa tano usiku kwa saa zetu, sizijadili kabisa.

Kama ni shauri langu, ningemwanzisha mtoto na riadha kabla ya mpira, maana mbio hazina kuotea wala VAR (mwamuzi wa video): anayetangulia ndiye mshindi. Mtafutie picha za marathoni ya mashindano ya dunia jijini Tokyo, Septemba 15, 2025, umwonyeshe dakika za mwisho tu. Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza kwa muda ule ule wa saa 2:09:48, wakitenganishwa na sekunde 0.03, na Simbu akaipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Mtoto atauliza kwa nini yule mwingine ameanguka kwenye mstari, utamweleza, kisha atataka mtoke nje mkashindane kukimbia, na hapo mzazi itabidi uvae raba.